Saa Iliyorudia Magharibi

YAH: MATENGENEZO YA SAA MOJA (1) YA MEZANI, CHAKAVU, KWA AJILI YA KUFUTWA KATIKA MALI ZA OFISI.

Ndivyo barua ilivyosema, mihuri ikiwa imebanana chini yake. Mimi ni fundi saa, na nilihitaji kuisoma mara mbili. Walitaka niitengeneze ili waitupe. Kamati haiwezi kufuta mali mpaka ithibitike kwamba inafanya kazi. Isiyofanya kazi haifahamiki kama ni mali.

Jua lilikuwa linashuka. Nilitoka kumnunulia mke wangu dawa, homa ya mapafu imemlaza, na ofisi ilikuwa njiani. Mtunza stoo alikuwa tayari ameshika funguo.

"Mgonjwa anaendeleaje, fundi?"

"Daktari kaahidi kupita jioni hii. Tunaomba tu afike."

"Atafika. Madaktari ni kama maji ya bomba, hutoka ukishakata tamaa."

Akaiweka saa mezani. Ilikuwa saa ya safari, zile za wasafiri wa zamani: kisanduku cha shaba, vioo pande zote, mpini wa kubebea. Juu kulikuwa na kitufe. Ukikibonyeza gizani, inakugongea tena saa iliyopita, usihangaike kutafuta taa. Kazi ya mafundi waliokuwa na subira kuliko sisi.

Mtunza stoo akainama.

"Hicho kitufe... usikibonyeze."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa ya mkurugenzi wa zamani. Alipofiwa na mkewe, akawa anajifungia nayo ofisini. Tulikuwa tunasikia mwanamke anaongea humo ndani. Mwishowe tukavunja mlango. Mzee alikuwa kitini, amekwisha kukauka."

"Mkaandika nini?"

"Amestaafu."

Nilicheka. Ndiyo, nilicheka.

Nilipofika nyumbani na saa mkononi, mama mkwe alikuwa anamfuta mwanawe jasho. Mke wangu akafumbua macho.

"Umerudi?"

"Nimerudi."

"Funga dirisha, mume wangu. Baridi."

Nikafunga.

"Na mwambie yule mzee aliyesimama mlangoni, aingie au aondoke."

Nikatazama mlangoni. Hakukuwa na mtu.

"Ni homa hiyo," mama mkwe akaninong'oneza. "Mwitikie tu."

"Nimemwambia."

Mke wangu akatabasamu kidogo. "Una mikono ya mafuta. Usinishikie shuka."

Tukamnywesha dawa. Akalala. Mama mkwe akaenda jikoni kuchemsha maji, nami, kwa kuwa mikono isiyo na kazi humkumbusha mtu mengi, nikaivuta saa kwenye kimeza cha kando ya kitanda. Kazi ya kwanza ya fundi ni kulegeza springi. Ukifungua saa yenye nguvu ndani, itakukata vidole. Nililegeza taratibu mpaka ufunguo ukacheza bure. Nikachomoa kioo cha mlango wake.

Halafu nikasikia kimya.

Kifua cha mke wangu hakikuwa kinapanda. Nikamwita. Nikamtikisa. Nikakiweka kile kioo puani mwake...

Hakikupata ukungu.

Sikulia. Fundi akishalegeza springi, hubonyeza kitufe ili ahakikishe hakuna nguvu iliyobaki. Mkono haujui msiba. Mkono ulimaliza kazi yake.

Saa ikagonga.

Springi haikuwa na nguvu ya kusukuma hata unyoya. Hata hivyo saa ilikuwa inagonga. Ting... ting... ting...

"Umerudi?"

Alikuwa amefumbua macho. Mama mkwe akatokea na birika, akaliangusha chini, maji yakamwagika.

"Mwanangu! Umeamka!"

"Funga dirisha, mume wangu. Baridi."

Dirisha lilikuwa limefungwa.

"Na mwambie yule mzee aliyeketi kwenye kiti, aingie au aondoke."

Kiti kilikuwa kitupu. Lakini mto wake ulikuwa umebonyea. Chumba kikanuka wino, na nguo zilizofungiwa kabatini muda mrefu.

"Una mikono ya mafuta. Usinishikie shuka."

Sikuwa nimeshika shuka. Nikarudisha kioo puani. Safi, kikavu.

Mama mkwe alitazama kioo, kisha kidole changu juu ya kitufe; alielewa upesi kuliko mimi.

"Bonyeza."

"Mama..."

"Bonyeza, mwanangu. Daktari yuko njiani. Mshikilie tu mpaka afike."

Nani angekataa? Nikabonyeza. Akarudi tena, na maneno yaleyale, dirisha lilelile, baridi ileile. Kisha:

"Na mwambie yule mzee aliyemshika mama bega..."

Mama mkwe akashtuka. Kitambaa cha gauni lake kilikuwa kimedidimia begani, mahali pa vidole.

Macho ya mke wangu yakafumba tena.

"Tena," mama mkwe akasema.

"Umesikia alivyosema, mama?"

"Nimesikia. Huyu nimemzaa mimi. Bega langu ni kitu gani?"

"Hatuongei naye, mama. Tunaongea na jioni iliyopita."

"Basi niache niongee nayo!"

Alikuwa analia bila sauti, midomo wazi. Sikuweza kumtazama.

"Namfuata daktari," nikasema, nikatoka mbio. Nilimkuta kwenye kona, mkoba kwapani, akiuliza watu nyumba yetu. Nilimvuta mkono kama mwizi. Tulipofika barazani, nikaisikia ndani.

Ting... ting... ting...

"Funga dirisha, mume wangu," sauti ya mke wangu ikasema. "Baridi."

Sauti ya mwanamume ikamjibu, kwa upole:

"Nimefunga."

Daktari akasimama.

"Nani yuko na mgonjwa?"

"Mama yake tu."

Mke wangu alikufa jioni ile kwa homa ya mapafu. Mama yake alibonyeza tena nilipokuwa nje, naye akafa; tulimkuta kitini, amekwisha kukauka kama yule mkurugenzi. Tuliwazika pamoja.