Nafasi Yangu Aliyopewa Wifi

"Mwanangu, kwa nini ulijitoa?"

Sauti alikuwa ameinama akichomeka waya wa kompyuta ukutani. Aliinuka taratibu akamgeukia mkufunzi wake, mama wa makamo aliyekuwa amesimama mlangoni mwa darasa, mkoba bado begani.

"Nilijitoa wapi, mama?"

"Kule kampuni ya bima. Natoka huko sasa hivi. Msimamizi wao anasema walikutaka wewe, wakaambiwa unaolewa na kazi huitaki tena."

"Mimi nilikataliwa. Niliambiwa nilifanya vibaya kwenye usaili."

"Nani alikuambia?"

"Mchumba wangu."

Mkufunzi akamvutia kiti. "Kaa. Na aliyewaambia wao ni huyo huyo. Nimeuliza mara mbili, maana mara ya kwanza nilidhani masikio yamenichezea."

Jina la Sauti alipewa na wenzake alipokuwa mpokea simu katika kampuni ya umeme. Wateja walikuwa wanapiga wamefura, wanakata simu wakicheka. Kisha ikaletwa akili mnemba, ikaanza kupokea simu zile yenyewe, na chumba kizima cha wapokea simu kikafungwa. Sauti alituma maombi ya kazi mpaka akachoka. Ndipo jirani yake akamtajia kituo ambacho halmashauri ya mji na kampuni kadhaa walikianzisha kwa ubia, kuwafundisha watafuta kazi namna ya kufanya kazi na mashine hizo.

Siku ya kwanza alifika amenuna.

"Yaani nije kumfundisha aliyeniondolea tonge mdomoni?"

"Ndiyo," mkufunzi alimjibu. "Asipofundishwa na mtu anayewajua wateja, atawaudhi watu wote, na wewe utabaki nyumbani vile vile."

Akabaki. Walikuwa wakisikilizishwa mazungumzo ya mashine na wateja, wanatafuta ilipokosea, kisha wanaandika ilipaswa kusema nini, na wakati gani inapaswa kunyamaza na kumpisha binadamu. Sauti aliipenda kazi hiyo kuliko alivyotaka kukiri.

Pale pale kituoni ndipo alipompata Mratibu. Kazi yake ilikuwa kuwaunganisha wahitimu na waajiri. Mpole, hasahau jina la mtu, akikuuliza habari za nyumbani anasubiri jibu. Mapenzi yalianza kwenye foleni ya mashine ya kunakili, yakafika kwenye pete. Dada mdogo wa Mratibu naye alikuwa darasani humo, ila masomo yalimpiga chenga. Sauti akawa anakaa naye kila baada ya kipindi, anamrudia somo polepole, maana huyo alishakuwa wifi.

Kisha ukaja usaili wa kampuni ya bima. Mratibu ndiye aliyemletea majibu, akaketi naye kwenye ngazi za nje, akamfuta machozi kwa leso yake mwenyewe.

"Wamemchukua dada," alisema. "Hata mimi nimeshangaa."

Na Sauti alikwenda kumpongeza wifi yake, akamwazima na blauzi yake nzuri ya kuanzia kazi.

Sasa, mbele ya mkufunzi, alikuwa anayapanga yote hayo upya.

"Leo mchana wanampongeza wifi nyumbani kwao," alisema. "Wananisubiri."

"Utakwenda?"

"Nitakwenda."

Mama mkwe alimpokea mlangoni kwa tabasamu. "Umechelewa, mkwe wangu. Sahani yako nimeifunika, isipoe."

"Asante, mama. Nina swali kwanza kwa mwanao."

Mratibu alikuwa mezani, dada yake kando yake na ile blauzi mwilini. Sauti hakuketi.

"Uliwaambia kampuni ya bima kwamba sitaki kazi?"

Mratibu akaweka kijiko chini. "Tuongee nje."

"Hapa panatosha."

"Nani kakuambia?"

"Hilo si jibu."

Mratibu alimtazama dada yake. Dada yake akaitazama sahani.

"Sikiliza, mpenzi," alisema hatimaye. "Wewe unakuwa mke wangu. Mimi nina kazi, hutakosa kitu. Huyu hana mtu. Nilipima, nikaona wewe unaweza kusubiri."

"Ulipima na nani?"

Aliyejibu ni mama yake, tena kwa upole, kama anayembembeleza mtoto anywe dawa.

"Usimwandame, mwanangu. Tulikaa wote tukaona ni jambo la kifamilia. Na wewe ni familia."

"Wote, mama?"

"Tulijua una moyo mzuri."

Sauti akashika mgongo wa kiti. Alikuja akidhani anakwenda kumkabili mtu mmoja. Kumbe alikuwa amepikiwa, amechekewa na kuitwa mkwe na nyumba nzima inayojua.

"Wifi, nilitaka kukuambia," dada mtu alisema.

"Lini? Nilipokuazima blauzi?"

Yule binti akaanza kulia. Hakuna aliyemgeukia.

"Nina swali moja tu," Sauti alimwambia Mratibu. "Siku ile kwenye ngazi, nilipokuambia labda nimepitwa na wakati, labda kichwa changu hakishiki tena. Ulikuwa umeshawapigia simu?"

"Sauti, tafadhali."

"Ulikuwa umeshawapigia?"

"Nilikuwa nimeshawapigia."

"Ukaniambia nijitahidi zaidi."

Mratibu aliinua mikono, akaishusha. Sauti alivua pete. Ilikataa kutoka, kidole kimevimba kwa joto, ikabidi aizungushe mbele yao wote huku kila mtu akimwangalia. Ilipotoka akaiweka kando ya sahani iliyofunikwa, akaondoka.

Simu ilianza kutetemeka kabla hajafika barabarani.

"Nisamehe. Nilifanya kwa ajili yetu."

"Pokea simu basi."

"Mama hali chakula."

Ujumbe huo wa mwisho aliujibu: "Sahani yangu ipo, imefunikwa. Ale hiyo."

Kisha akaketi kwenye ukingo wa duka lililofungwa, akalia kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote.

Jumatatu mkufunzi alimwita ofisini.

"Nataka ulete malalamiko."

"Nikileta atafukuzwa."

"Huenda."

"Bado nampenda, mama."

"Najua. Hilo sijakuuliza." Mkufunzi aliegemea meza. "Watu wanakuja hapa mashine zimewatoa kazini, hawajiamini hata kidogo. Wakimaliza, tunawaweka mikononi mwa huyo mtu. Leo ni wewe, na wewe ni mchumba wake. Asiyemjua atamfanya nini?"

Sauti alisugua kidole kilichokuwa na pete. "Nipe kalamu," alisema.

Wabia wa kituo waliketi. Mratibu hakukana kitu, aliomba tu wamwelewe. Hawakumwelewa. Aliondoka na vitu vyake kwenye boksi, akapita mbele ya darasa bila kutazama ndani. Sauti alikuwa amejiandaa kufurahi. Furaha haikuja.

Kampuni ya bima ilimwomba radhi, lakini mkataba wa yule binti ulikuwa umeshasainiwa. Nafasi nyingine hawakuwa nayo. Sauti akarudi darasani na wanafunzi wapya. Wengine walikuwa wameshazisikia habari zake na wakimwona wanashusha sauti.

Jioni moja simu iliita. Namba aliijua.

"Wifi."

"Usiniite hivyo."

"Mashine imemuuliza mjane kama mume wake angependa kuongeza bima. Mama wa watu amelia kwenye simu. Msimamizi anataka nieleze inarekebishwaje, na mimi sijui. Wewe unajua."

Kweli alijua. Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, na kwa kitambo kifupi alitaka kulitoa, kwa ajili ya yule mjane.

"Usibuni kitu," alisema. "Mpigie msimamizi sasa hivi, mwambie hujui. Na huyo mama apigiwe na mtu, leo leo. Halafu urudi kituoni. Kuna darasa la jioni kwa walioajiriwa."

"Watanipokea? Baada ya yale?"

"Mkufunzi hamfukuzi mtu anayetaka kujifunza."

"Na wewe utanisamehe?"

"Kata simu, umpigie msimamizi."

Baadaye hospitali moja ikajiunga na wabia wa kituo. Mashine yao ilikuwa ikipanga miadi ya wagonjwa, na walitaka mtu wa kuisikiliza, kuisahihisha, na kuzipokea simu zinazoishinda. Safari hii waajiri walikuja wenyewe darasani, wakamsikiliza kila mtu, na kila mtu akapewa majibu yake na wao wenyewe. Sauti akachukuliwa.

Asubuhi ya kwanza kazini, hajamaliza hata kurekebisha kiti, ujumbe ukaingia.

"Nimesikia umepata kazi. Nimefurahi sana, kweli. Naweza kukuona, hata dakika tano tu?"

Aliusoma akaurudia. Mratibu ndiye mtu ambaye Sauti alitamani kumpigia kwanza, kumwelezea dirisha lake, kiti chake, vipokea sauti vyake vipya. Hilo ndilo lililomuuma. Alikwenda msalani akalia huku bomba la maji likiwa wazi, akanawa uso, akarudi.

"Hapana," aliandika. Akaizima simu.

Kwenye skrini mwanga ulikuwa unawaka. Mashine ilikuwa imeshindwa kumwelewa mteja na inamuomba binadamu. Sauti akavaa vipokea sauti.

"Haloo, habari ya asubuhi."

"Wewe ni mtu, au ni lile lidude?" Alikuwa mzee, anahema kwa hasira.

"Ni mtu, baba."

"Afadhali. Mbona kama ulikuwa unalia?"

"Nilikuwa nalia, baba. Nimemaliza. Niambie shida yako."