Jiwe la Tatu

Kila alasiri akitoka shuleni, Chiriku alipitia karakana kwanza, ingawa mama yake alikwisha kumkanya kwamba sare ya shule si nguo ya kuchezea tope. Jina hilo alibandikwa na babu yake kwa sababu ya mdomo. Mtoto alianza kusema alfajiri akanyamazishwa na usingizi tu. Karakana ilikuwa ya mjomba wake. Humo mabamba ya mawe yalikatwa, yakasagwa na kung'arishwa mpaka yakawa meza na kaunta za maduka. Sakafu ililowa mchana kutwa, maana mashine ya kusagia hupewa maji isije ikatimua vumbi, na tope jeupe liliganda kwenye viatu vya kila aliyeingia.

Mng'arishaji alikuwa Babu, baba yake Mjomba. Mzee alikuwa amekula chumvi nyingi, lakini mikono yake haikutetemeka. Alianza na jiwe la kusagia lenye chenga kubwa, akaja la pili lenye chenga ndogo zaidi, kisha la tatu, la nne na la tano. Kila moja lilifuta mikwaruzo iliyoachwa na lililotangulia. Mwishoni alimalizia kwa poda, mpaka mtu aweze kuhesabu meno yake ndani ya jiwe. Siku moja Chiriku alimuuliza kwa nini asiruke mojawapo. Babu alicheka, akasema hata yeye alijiuliza hivyo ujanani, ila fundi aliyemfundisha alikuwa mkali na hakuthubutu kujaribu.

Basi mwalimu wa sayansi alipowaagiza wanafunzi wafanye utafiti mdogo wa jambo la nyumbani, Chiriku hakuumiza kichwa. Angepima kama jiwe la tatu linaweza kurukwa. Mjomba alilipenda wazo hilo kuliko hata mwalimu, kwa kuwa jiwe la tatu ndilo lililokula muda wake. Alimpa vipande vya masalia na mawe madogo ya kusugulia kwa mkono. Vipande vingine avipitishe kwenye mawe yote, vingine aruke la tatu, kisha avilinganishe dirishani.

Kusugua jiwe kwa mkono si lelemama. Chiriku alisugua mpaka mabega yakawaka moto. Alipomaliza, vipande vilivyoruka jiwe la tatu viling'aa kwa mbali, lakini alipoviinamisha kwenye mwanga aliona mikwaruzo myembamba imetapakaa kama nywele. Jibu lilikuwa pale pale, wazi kabisa: jiwe la tatu halirukwi. Chiriku hakulitaka jibu hilo. Alikwisha kujigamba darasani kwamba atagundua njia ya kuwapunguzia watu wazima kazi, na wenzake walikuwa wanamngojea. Akachukua nta isiyo na rangi, akaipaka juu ya vipande vile, akafuta kwa kitambaa. Nta iliijaza mikwaruzo yote, na macho yasingeweza tena kutofautisha kipande na kipande.

Darasani alipigiwa makofi. Mwalimu alivipitisha vipande mkono kwa mkono, akasema hiyo ndiyo sayansi. Nyumbani, Mjomba alivigeuza dirishani akatabasamu. Alikuwa fundi, na pengine angevitazama mara ya pili angeshtuka, lakini mtu akitamani jambo liwe kweli macho nayo humpendelea.

Wakati huo karakana ilikuwa na kazi kubwa, bamba refu la kaunta ya zahanati. Mjomba aliamua jiwe la tatu lirukwe. Babu alikunja uso kidogo, kisha akasema mtoto amepima na yeye hajapima, basi na iwe hivyo. Chiriku alikuwepo. Alifungua kinywa, akakifunga. Alijipa moyo kwamba mashine ina nguvu kuliko mkono, huenda mambo yakaenda sawa.

Hayakwenda sawa. Kaunta ya zahanati huoshwa kwa sabuni kila siku, kwa hiyo haikupakwa nta. Mjomba alipoimwagia maji na kuikausha, mikwaruzo ilionekana toka ncha hadi ncha. Babu alirudia poda. Akarudia tena. Alisugua mpaka shati likamshika mgongoni, na mikwaruzo haikusogea, maana poda laini haiwezi kufuta kovu la jiwe la pili. Mjomba hakufoka, na afadhali angefoka. Alizima mashine akasema kwa upole, "Baba, macho yamechoka. Pumzika. Nitatafuta kijana aimalizie."

Babu alitazama viganja vyake. "Kwa mtoto ilitoka," alisema. "Kwangu haitoki. Basi tatizo ni mimi."

Akavua aproni yake, akaitundika msumarini, akatoka bila kunawa tope.

Tangu siku hiyo nyumba iliingia giza mchana kweupe. Babu alikaa ukingoni mwa kitanda chake akifumba na kufumbua vidole. Hakunyoa ndevu. Chai alitaka amiminiwe, kwa kuogopa kuimwaga, yeye ambaye juzi tu alikuwa akigeuza mabamba mazito. Kijana aliyetafutwa hakupatikana, na watu wa zahanati walianza kusema watakwenda kwingine. Mama alifikiri Chiriku anaumwa, kwa kuwa mtoto wa maneno mengi alikuwa amekauka kimya. Kumbe alikuwa na neno moja tu, nalo lilimkwama kooni. Alipanga kulisema asubuhi, akaahirisha hadi jioni. Jioni alifikiria uso wa mwalimu, makofi ya wenzake, hasira ya Mjomba, akanyamaza. Alitamani jambo hilo lijifie lenyewe. Halikufa, na aliyekuwa anakufa kidogo kidogo alikuwa babu yake.

Alasiri moja alimpelekea chai. Babu alipokea kikombe kwa mikono miwili.

"Mjukuu wangu," alisema, "nakuombea jambo moja. Usije ukazeeka ukiwa bado unaipenda kazi yako."

Chiriku alisimama pale, akaona hawezi tena. Alikimbia kuleta beseni la maji ya moto, sabuni na kipande kimoja cha jiwe kati ya vile vilivyosifiwa. Alikisugua mbele ya Babu mpaka nta yote ikatoka, akakikausha kwa sketi yake na kumwekea mkononi. Babu alikiinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Alipitisha ukucha juu yake polepole.

"Ulijua?"

"Nilijua, Babu. Tangu mwanzo."

Machozi yalimtoka mzee, na Chiriku, aliyetegemea kuchapwa, angependa kuchapwa kuliko kuyaona. Mjomba alipoitwa na kuonyeshwa, alikasirika mpaka sauti ikamkauka. Kisha akapiga magoti akamwomba baba yake radhi, kwa kuwa yeye pia aliharakisha kuyahukumu macho ya mzee kabla ya kukikagua kile kipande.

Siku iliyofuata Chiriku alisimama tena mbele ya darasa na kueleza alichofanya. Hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu alimwacha amalize, kisha akaandika ubaoni jibu la kweli.

Karakanani bamba lilirudishwa kwenye jiwe la tatu, na Chiriku akapewa kazi ya kushika mpira wa maji. Babu aliizima mashine kabla ya kuanza.

"Sikia," alisema. "Ungeniambia jiwe la tatu halirukwi, ningekushukuru, maana nimetumia maisha yangu yote bila kujua hilo kwa hakika. Jibu usilolipenda nalo ni jibu. Lakini ukisema uongo ukauita utafiti, wenzako wanajenga juu yake. Kikibomoka kitu, wanatafuta kosa ndani yao wenyewe. Mimi nilijitafuta, nikajiona sifai."

"Nisamehe, Babu."

"Nimekusamehe. Jiwe hurudiwa. Zile siku zangu hazirudi."

Walifanya kazi mpaka poda ya mwisho. Bamba lilipooshwa na kukaushwa liling'aa safi, na Mjomba akaenda kuwaarifu watu wa zahanati. Babu hakuondoka. Alibaki ameinama juu ya kaunta, akitazama kona moja, akiifuta, akiitazama tena. Kisha akamgeukia mjukuu wake, yeye aliyeng'arisha mawe tangu kabla mama wa mtoto huyo hajazaliwa.

"Hebu niangalizie hapa," alisema taratibu. "Mimi siku hizi sijiamini."

Chiriku aliinama, akatazama kwa makini, mara mbili. Ulikuwepo mkwaruzo mmoja, mwembamba, karibu na ukingo.

"Bado mmoja, Babu," alisema.

Babu akaitikia kwa kichwa, akawasha mashine.