Katrani ya Hajja Batoul

Mwenye paka nyumbani asogee karibu, na asiye naye asikilize pia, maana yaliyompata Hajja Batoul wa Meknes hayakuwa ya paka peke yake.

Ijumaa ile nyumba ilikuwa imetulia. Kuskusi imeliwa, sinia limebaki na vipande vya boga, na mwanawe Mfaddal amejinyoosha kwenye kochi akitafuta usingizi. Hajja alikuwa amempakata paka wake, Zbida. Marehemu mumewe ndiye aliyemwokota, enzi hizo akiwa kadogo ka kuenea ndani ya kofia ya juba. Tangu mzee afariki, Zbida ndiye aliyelala mkononi mwa Hajja, akamwamsha alfajiri na kusikiliza malalamiko yote ambayo watoto hawana muda nayo. Nikisema alimpenda paka huyo, msicheke.

Mkwewe, Ghizlane, mke wa Mfaddal, mjamzito wa mimba ya kwanza, aliinama kuondoa sinia.

"Mama, mbona Zbida ana kipara nyuma ya sikio?"

"Kapigana na madume ya juu ya paa huyo. Malaya tu."

"Kupigana gani kunaacha duara hivi? Ona, na mguuni liko jingine, tena lina magamba. Tumpeleke kwa daktari wa wanyama."

Hajja akacheka mpaka jino la dhahabu likaonekana. "Daktari wa paka! Mwanangu, mimi nimekulia zizini. Upele wa kondoo nimeutibu kwa mikono hii kabla mama yako hajaposwa."

Mfaddal akasema bila kufumbua macho, "Kama ni ugonjwa wa kuambukiza, huyo paka aende. Ghizlane ana mimba."

Neno lile lilimchoma Hajja. Na hapa niwaambie jambo ambalo hakuna aliyelijua humo ndani. Chini ya mkono wa kanzu yake, karibu na kiwiko, palikuwa na duara jekundu lililomwasha usiku na mchana. Hajja hakuwa mjinga, alijua limetoka wapi. Lakini alijua pia kwamba akikunja ule mkono wa kanzu, Zbida ataishia sokoni kugombea vichwa vya samaki. Akaamua amtibu Zbida kimya kimya.

Jumamosi, wenzake walipotoka, alishusha chupa ya katrani. Ni yale mafuta mazito meusi yanayokamuliwa kwa moto kutoka magogo ya mlimani. Babake alikuwa akiwapaka kondoo wenye upele, nao wakapona. Hajja mwenyewe hupaka tone moja ndani ya mdomo wa mtungi, maji ya kunywa yakapata ile harufu ya moshi aliyoizoea tangu utotoni. Kitu tunachokunywa, alijiambia, kitamdhuru vipi paka? Nawauliza nyinyi, nani kati yetu asingewaza hivyo?

"Tulia, kipenzi. Tulia, bibi yako anakutibu," alimwambia, akampaka sikio, miguu na mgongo pia, kwa usalama zaidi.

Zbida akachomoka na kwenda kujilamba.

Ghizlane aliporudi alimkuta mkwewe ameketi sakafuni uani, paka mikononi. Mate yalikuwa yakimtiririka Zbida mdomoni, mwili unatetemeka, na kila akijaribu kusimama miguu inakataa.

"Nimemuua," Hajja alilia. "Amana ya mzee, nimeiua kwa mikono yangu!"

Ghizlane hakusema nilikwambia. Alimfunga paka kwa taulo, akamshika mkwewe mkono, wakasimamisha teksi.

Daktari, dada mmoja aitwaye Ilham, aliuliza swali moja tu: "Amepakwa nini?"

Hajja alitazama sakafu. "Katrani."

Daktari hakupoteza muda kugomba. Alilainisha ile katrani kwa mafuta ya kupikia, akaiosha kwa sabuni mara kwa mara, akamwekea paka dripu na kumfunga kola ya kumzuia kujilamba. Alipomaliza ndipo akavuta kiti.

"Hajja, kondoo hajilambi. Paka hula kila unachompaka, na ini lake haliwezi sumu ile. Sasa tuone huo ugonjwa wenyewe."

Alizima taa, akawasha nyingine ndogo ya zambarau. Nywele za pembeni ya kile kipara zikang'aa kijani, kama tufaha bichi.

"Huu si upele, ni choa. Ni kuvu tu, dawa na subira vinatosha. Si kila choa hung'aa kwenye taa hii, kwa hiyo nywele hizi nitazipima kwa hadubini pia. Lakini choa kisingemuua." Akawatazama. "Nani mwingine nyumbani anajikuna?"

Hajja akakunja mkono wa kanzu.

"Mama!" Ghizlane alishtuka. "Kwa nini hukusema?"

"Mngemfukuza."

"Na wewe je? Nawe tungekufukuza?"

Hajja alifunika uso kwa kitambaa, akalia. Ghizlane naye akalia.

Zbida alipona, lakini kwa shida. Hajja alitibiwa mkono, Ghizlane akachunguzwa akakutwa salama. Na Mfaddal, yule wa "aende", ndiye aliyepandisha mashuka yaliyochemshwa juu ya paa yakauke juani kila asubuhi bila kuambiwa.

Jambo moja tu halikupona. Hajja akikaribia na bilauri yake ya maji, Zbida ananusa ile harufu ya katrani na kukimbilia chini ya kochi. Anamkimbia yeye, jamani, yeye aliyemlea! Hajja alivumilia, mwishowe akaubeba mtungi wake wa miaka yote, akampa jirani. Akaanza kunywa maji ya bomba, huku akilalamika kwamba hayana ladha.

Alasiri moja Zbida alitoka chini ya kochi, akanusa vidole vya Hajja kwa muda mrefu, akapanda mapajani. Hajja alikunywa maji yake ya bomba, na siku hiyo hakulalamika.

FUNZO

Mpapase paka wako mara kwa mara. Ukikuta kipara, magamba au kidonda, usikimbilie kukipa jina: choa, upele, viroboto na hata chakula kisichomfaa hufanana machoni petu, na dawa zake ni tofauti. Mpeleke apimwe. Usimpake chochote cha kondoo wala cha binadamu, maana atakilamba. Na wewe ukiwashwa, sema mapema.

Nanyi mnaoishi na wazee, kabla hamjasema "aende", angalieni nani anawasikia, na anaficha nini ndani ya kanzu yake kwa kuwaogopa nyinyi.