Sekunde Kumi za Ukimya

Ilikuwa saa saba usiku mama mmoja kijana aliposikia mtu akimeza mate ndani ya hedifoni.

Si yeye. Yeye alikuwa ameshanyamaza, kidole kwenye kitufe, kitabu magotini, maana kazi yake ndiyo hiyo, kusoma vitabu kwa sauti ili wengine wavisikilize, na huifanya usiku kwa sababu mchana nyuma ya ukuta kuna karakana ya kuchomelea vyuma. Kitandani, hatua mbili kutoka kwenye meza, binti yake wa miezi saba alikuwa amelala fofofo.

"Draiva tena," alinong'ona kwa hasira, akiilaani ile programu inayoendesha kisanduku cha sauti.

Akafungua mipangilio kwenye kompyuta. Kisanduku chake cha sauti kina matundu mawili ya maiki. La kwanza lina waya. La pili halina kitu, halijawahi kuwa na kitu, lakini taa yake ya kijani ilikuwa inapanda na kushuka, kama kuna mtu anaongea taratibu. Akaondoa tiki kwenye njia ya pili, ya lile tundu tupu. Tiki ikarudi. Akaondoa. Ikarudi. Akapandisha bafa, kile kipimo cha kuchelewesha sauti, kutoka 128 hadi 512, akaishusha, akaing'oa draiva yote na kuiweka upya, akazima kompyuta, akaiwasha, akakodolea macho kile kiduara kinachozunguka weee mpaka akatamani kuirusha nje. Taa bado ilicheza.

Mama mkwe akagonga ukuta kutoka chumba cha pili. "Mkwe wangu, hicho kisanduku nacho tukuozeshe?"

"Lala, mama."

Akampigia kaka yake, fundi wa redio, aliyemfungia mtambo huo. Akaiweka simu mezani, spika chini kabisa.

"Izime njia ya pili," kaka alisema kwa sauti ya usingizi.

"Inajiwasha."

"Na bafa?"

"Kaka, nimegusa kila kinachogusika. Kuna mtu humu anameza mate."

"Mtu gani saa hizi? Umeme huo. Achana na draiva, mdogo wangu. Rekodi ukimya sekunde kumi, ipe programu, iambie kila kinachofanana na huo kiondoke."

Hilo alilijua, ndivyo wanavyofanya wasomaji wote: unarekodi chumba kikiwa kitupu, kisha programu inatumia ukimya huo kusafishia sauti. Siku zote humhamisha mtoto kwa bibi yake kwanza. Usiku huu alikuwa amechoka, amekereka, na kumbeba mtoto aliyelala ni kumwamsha. Sekunde kumi tu, alijiambia.

Akarekodi. Feni ya kompyuta, pumzi za mtoto, na ile sauti ya kumeza mate. Akabonyeza "safisha". Taa ya njia ya pili ikazimika palepale. Akasoma sentensi moja ya majaribio, ikatoka safi.

"Imekubali," alisema, akivua hedifoni.

"Si nilikwambia."

Akageuka. Mtoto alikuwa macho, uso umeiva, mdomo wazi mpaka fizi zinaonekana, machozi yanamtiririka, analia kwa nguvu zake zote, na hakuna sauti.

Akamnyakua, akamweka kifuani, akakisikia kilio kikitetemeka ndani ya mbavu zile ndogo bila kutoka, akampiga mgongoni, akampulizia usoni, na huku nyuma yake, mezani, kutoka ndani ya hedifoni, kitu chembamba kilikuwa kinalia, na alipoipachika masikioni kwa mkono mmoja akakuta kilio cha mwanawe kizima kizima kwenye sikio la kulia, upande wa njia ya pili.

"Kaka, sauti ya mtoto imeondoka na ule uchafu."

"Bonyeza kitufe cha tengua."

"Hakibonyezeki."

Kaka akauliza, "Ulimwacha mtoto chumbani?"

Kabla hajafungua mdomo, kilio kilisogezwa pembeni, na sauti yake mwenyewe ikawa inamnong'oneza, imechelewa kidogo kama bafa ikiwa kubwa.

"Nilikuwa nimekaa kwenye ukimya, simsumbui mtu. Umenifuta. Nami nimefuta."

"Nirudishie sauti ya mwanangu."

"Nirudishie pa kukaa, na asijue mtu. Nani anajua?"

Midomo ya mtoto ilikuwa inaanza kuwa ya bluu. Aliitazama. Akaitazama simu pale mezani, sekunde za maongezi zikihesabu.

"Kaka yangu," alisema. "Kaka yangu tu."

Kilio kikakipasua chumba. Akamkumbatia mtoto, akacheka, akalia, akaiinua simu.

"Kaka, umesikia? Imerudi."

Sekunde zilihesabu. Akaibana simu sikioni. Upande wa pili kulikuwa na mtu anayepiga meza kwa kiganja, mara tatu, mara nne, halafu bila mpangilio, haraka, kama anayetaka kusema na hawezi.

Mama mkwe alikuwa ameshafika mlangoni, amejifunga kanga. "Mwanangu, kuna nini?"

Hedifoni ilikuwa imemwangukia shingoni, kimya, ukimya wa mtu anayesikiliza.

"Ni draiva tu, mama. Kalale."

Alingoja mpaka nyayo zikaisha. Kisha akaikata simu ya kaka yake, akainama mpaka midomo ikagusa maiki, mtoto akiwa na kwikwi begani.

"Sitamwambia mtu mwingine," alisema.