Nyonga ya Msusi na Mkono wa Roboti

Saluni ile haikosi watu. Wengine huja kusukwa, wengine huja kusikia nani kaachana na nani. Mwenyewe, msusi wa makamo, husuka na kuchangia umbea bila kupotosha hata njia moja ya nywele.

Lakini nyonga ya kulia ilianza kumtesa. Akawa hamzunguki mteja tena. Anazungusha kiti cha mteja.

"Nimekuja kusukwa au kupanda bembea?" mteja mmoja alilalamika.

Wote walicheka. Msusi alicheka pia, huku ameshikilia kiti asianguke.

Dawa na mazoezi havikumsaidia tena. Daktari wa mifupa alimweleza kwamba nyonga imelika, mfupa unasagana na mfupa. Alishauri kiungo kibadilishwe kwa msaada wa kompyuta na roboti. Bila kuuliza zaidi, msusi akaipeleka habari saluni. Hapo ndipo alipokosea.

"Roboti?" alisema muuza mitumba wa jirani. "Likikolea kukata, nani atalizuia?"

"Na umeme ukikatika katikati?" aliuliza mwingine.

Kufikia jioni msusi alishaamua haendi. Hospitali ilipopiga simu, hakupokea.

Wifi yake, dada wa mumewe, ni muuguzi wa chumba cha upasuaji. Kesho yake aliingia nyumbani kwa msusi hata hodi hajaimaliza.

"Wifi, simu za umbea unapokea, za hospitali hupokei?"

"Sikatwi na mashine mimi."

"Nani kakwambia inakata peke yake? Sogea. Kwanza unapigwa picha za nyonga. Kompyuta inazigeuza kuwa mchoro wa mfupa wako wewe. Daktari anapanga humo: kiungo cha ukubwa gani, kikae vipi, miguu ilingane. Siku ya upasuaji, yeye ndiye anayeuongoza ule mkono wa roboti. Akitaka kupita mpaka aliouweka, mkono unagoma."

"Kama mama mkwe."

"Kama mama yangu, ndiyo. Humpiti."

Msusi alicheka. "Na umeme?"

"Jenereta ipo. Na roboti ikiharibika, daktari anamalizia kwa vifaa vya kawaida. Kazi hii aliijua kabla mashine haijaletwa."

"Kwa hiyo sina la kuogopa?"

"Sikudanganyi, wifi. Damu inaweza kuganda, kidonda kinaweza kuingia wadudu. Roboti haiondoi hayo. Inasaidia kiungo kikae palipopangwa. Mengine muulize daktari, siyo muuza mitumba."

Msusi alikwenda. Aliuliza maswali kumi na moja, na daktari akayajibu yote. Ndipo akakubali.

Siku iliyofuata upasuaji, alisimama akishikilia kitembezi cha miguu minne, wifi kamshika kiuno.

"Kidonda kinauma," alisema taratibu. "Lakini ule msagano wa mifupa haupo." Machozi yakamtoka. "Wifi, Mungu akuweke."

Nyumbani alimeza dawa kwa wakati, akafanya mazoezi aliyofundishwa, na viti vifupi akaviepuka ili nyonga isikunjike mno. Mashoga zake walimpikia kwa zamu. Muuza mitumba alikuja na mchuzi na samahani.

Mwezi wa tatu baada ya upasuaji alirudi kliniki. Ngazi alizipanda mwenyewe, bila fimbo. Daktari akamsogezea kiti.

"Nimekaa vya kutosha, daktari," alisema. "Asante ya leo naitoa nimesimama."