Swali la Kumi na Nne

Foleni ya samaki wa kukaanga wa Ijumaa, katika ukumbi wa parokia kusini mwa jiji la Milwaukee, Marekani, ilikuwa imefika mpaka kwenye ngazi, na Verlene Tolliver hakuwa mtu wa kupokonywa nafasi yake. Mwanamume mrefu mwenye sweta ya kijani alipojipenyeza mbele yake, alimgusa bega.

“Kaka, mwisho wa foleni uko kule nje kwenye theluji.”

“Najua. Nilitoka tu kwenda kuzima taa za gari,” akajibu yule bwana, macho makavu. “Ukinirudisha nje, twende wote tukagande.”

Aliitwa Cas Nowicki. Walikula meza moja, na alimchekesha Verlene mpaka akasahau kuvua koti lake la zambarau. Walipoagana kila mmoja alikuwa na namba ya mwenzake.

Jumatatu Cas akaingia chuoni akisukuma kitoroli cha vitabu. Kumbe alikuwa wakala wa kampuni ya vitabu, na Verlene, mwalimu wa sheria ya biashara, ndiye aliyepewa kazi ya kutathmini kitabu chake kipya cha wanafunzi. Walitazamana, wakacheka. Wenye busara wangeachana siku hiyo hiyo. Hawa hawakuwa nayo, na mimi siwalaumu. Wiki tano simu ya Verlene ililia kila mchana, na kila mchana aliipokea kabla haijalia mara ya pili.

Lakini mapenzi ni mapenzi na kazi ni kazi. Verlene hakupima kitabu kwa kusifu jalada lake. Alikuwa akimpa mwanafunzi mwenye tatizo lake, kisha anamwuliza kama kimemsaidia. Safari hii alimpa Doretha Pruitt, msusi aliyekodi kiti katika saluni ya watu na kuambiwa ahame kesho yake. Je, mwenye saluni ana haki hiyo? Doretha alisoma sura nzima ya mikataba, kurasa arobaini za meli na viwanda, akarudi amenuna. Alisema aliyekiandika hajawahi kufukuzwa mahali popote.

Verlene akaandika kwamba kitabu hakifai. Alijua vizuri kwamba kikikataliwa Cas atapoteza kazi. Kilichomkwamisha hasa ni swali la kumi na nne la fomu: je, mtathmini ana uhusiano wowote na muuzaji? Akampigia.

“Andika hakuna, mpenzi,” Cas akasema haraka.

“Hakuna?”

“Hakuna. Neno moja tu, umemaliza.”

“Kwa hiyo wiki tano hizi mimi ni hakuna. Asante kwa kunifahamisha, bwana.”

Alikata simu. Siku tisa hakuipokea, na siku tisa alilia bafuni, maji yakiwa yamefunguliwa ili majirani wasisikie.

Siku ya kamati alivaa gauni jekundu, lile ambalo mama yake alisema halifai kazini. Cas alikuwa amekaa karibu na mlango, kama mawakala wote, akisubiri maswali. Verlene hakumpa hata salamu. Alisoma tathmini yake yote, na alipofika swali la kumi na nne akainua uso.

“Ndiyo, upo. Nampenda anayekiuza. Na kitabu chake hakifai.”

Mkuu wa idara, Bwana Lindqvist, alikuwa akikitaka kitabu hicho kwa sababu kinakuja na mitihani iliyokwisha kutungwa. Alifuta miwani yake na kusema kwamba, kwa kanuni, tathmini ya mwenye uhusiano haihesabiki.

“Basi msinihesabu mimi,” Verlene akasema. “Mhesabuni huyu.”

Doretha, aliyekuwa akisubiri nje, akaingia, akamwekea Lindqvist kitabu mbele yake na kumwomba kwa adabu amwonyeshe ukurasa unaojibu habari ya kiti chake. Lindqvist akafunua. Akafunua tena, faharasa, mwanzo, mwisho, masikio yakizidi kuwa mekundu. Mwishowe akamgeukia Cas amsaidie.

“Haumo,” Cas akasema. “Nimekisoma mara nne.”

Kamati ilikikataa kwa kura sita dhidi ya moja.

Verlene alimkuta Cas kwenye korido akipanga vitabu kitorolini.

“Ulijua hakifai, na bado ukanikana?”

“Sikukukana, Verlene. Nilijua utakikataa. Ungeandika jina langu, tathmini yako ingefutwa kama ilivyofutwa leo. Nilitaka wakusikilize.”

“Hata ukikosa kazi?”

“Nimeshaikosa. Kampuni imenipigia sasa hivi.”

Hasira za siku tisa zilimwishia Verlene pale pale, akabaki na kitu kikubwa zaidi ambacho hakuwa na nia ya kukificha.

“Siku nyingine usinifiche ili nisikilizwe,” akasema. “Nitasikilizwa nikiwa na wewe hapa ubavuni, au wasinisikilize kabisa. Nioe, Cas.”

“Hapa? Wote wanatutazama.”

Kweli, kamati nzima ilikuwa imesimama mlangoni, Lindqvist mbele yao na kitabu kwapani.

“Waache watazame. Nasubiri jibu lako.”

Cas akauacha mpini wa kitoroli, akamshika mikono yote miwili, akasema ndiyo kwa sauti iliyofika mpaka kwa Lindqvist.