Ngoma ya Mwali Iko Bomani

—Pazi, umerudi?

—Nimerudi. Sogea ukutani, nisisikike.

Mwanaheri akaweka sikio kwenye udongo. Tangu avunje ungo alikuwa mwali wa ndani, na kwao Uluguru mwali hatoki mpaka ngoma ya ukoo ipigwe. Wenzake wa koo nyingine walishachezwa, wakaolewa, mmoja ana mtoto anatambaa. Yeye yumo chumba kilekile, anasuka ukili na kuzoeana na mende. Mjomba wake Hatibu ndiye mtunza ngoma, na kila akiulizwa alijibu ngozi imepasuka, fundi hapatikani. Kwa mpenzi wake Pazi, Mwanaheri alikuwa amebaki sauti ya ukutani, tena alasiri tu, watu wakiwa shamba.

—Ngoma yenu nimeiona leo.

—Wapi?

—Bomani, Morogoro. Nimempelekea ndizi mpishi wa Mzungu, nikaikuta barazani inatiwa kwenye sanduku. Inakwenda Ulaya. Eti kuna nyumba huko watu huingia kutazama vitu vya wenzao.

—Si imepasuka?

—Nzima kabisa.

—Nani kaipeleka?

—Mjomba wako, akida alipomwagiza. Mpishi anasema akida anajigamba kawekewa mwali wa kuoa huku mlimani, anangoja nyumba yake mpya iezekwe.

Jamani! Mavuno mawili mtoto wa watu anakaa gizani akidhani anangojewa fundi wa ngozi, kumbe katunzwa darini kama mahindi ya mbegu, na mwenye mbegu ni mwingine.

—Nitoroshe, Pazi. Leo hii.

—Ukitoka hujachezwa, mama yako ataweka wapi uso? Na watoto wetu wataitwa nini?

—Basi nioze humu?

—Sijasema hivyo. Nakwenda kwa bibi yako.

Bibi Mosi ndiye aliyemzaa Hatibu. Pazi alimkuta anapepeta mpunga.

—Shikamoo, bibi.

—Marahaba. Mbona unahema?

Pazi akamweleza yote. Bibi hakulia wala hakulaani. Aliweka ungo chini.

—Niitie wanawake wa ukoo. Waje na vinu vyao.

Asubuhi Hatibu alikuta ua umejaa vinu. Akakimbilia mlango wa mwali, akaukinga kwa mikono miwili.

—Mama, bila ngoma hakuna mwali kutoka.

—Ngoma iko wapi?

—Si nimewaambia imepasuka?

—Iko bomani, Pazi akasema. Nimeiona kwa macho yangu.

—Wewe nyamaza, huna ukoo hapa. Mama, ningefanyaje? Akida akinuna tunachapwa viboko, vijana wanapelekwa kazi ya reli. Nilikuwa nawakinga.

—Ungetuambia, tungehangaika pamoja. Wewe umetudanganya, ukamfungia mtoto wa dada yako kwa ajili ya mtu asiyemjua. Haya, na siku ukifa, Hatibu, tutakupigia nini?

Hatibu akazidi kuukinga mlango. Ngoma ile ndiyo iliyowazika wajomba zake wote. Uroho wa kumpendeza akida, na woga wake, vilimsahaulisha kwamba naye atazikwa. Mimi, kinu changu mbele yangu, nilimwonea huruma kidogo, kidogo tu.

Mwali hasemi mbele ya wajomba. Kila mtu anajua. Lakini siku ile sauti ikatoka ndani.

—Mjomba, nipishe.

Hatibu akashusha mkono mmoja, kisha wa pili.

—Mtoeni, akasema. Akida akija, niachieni mimi. Viboko nitapigwa mimi.

Wanawake wakaanza kutwanga vinu vitupu, kwa mdundo uleule wa ngoma, mpaka kuku wakakimbilia migombani. Mwanaheri akatoka, amefumba macho kwa jua, machozi yanamtiririka. Mkeka ulishatandikwa, maana mwali hukaa, watu wakamtunza zawadi. Yeye akaupita.

—Kaa, mwanangu, mama yake akamwambia.

—Nimeshakaa, mama.

Akaanza kuuzunguka ua, anayumba. Pazi akamfuata kwa pembeni, hajui kama anaruhusiwa kumshika.

—Utaanguka, Mwanaheri.

—Nikianguka utaniinua. Posa walete wenu kesho, leo nataka kufika kule juu.

Akaonyesha kilimani. Pazi akamtazama Bibi Mosi, na bibi, bila kuacha kutwanga, akawapungia mkono waende.